UZI: Kapsuli ya bega, na kinachotokea bega linapoganda

#1 FizioPwani

Wakuu, salaam kwenu.

Bega lililoganda linateseka mikononi mwa watu wengi kabla ya kupata tiba yake. Mgonjwa anaambiwa ana baridi yabisi, anachuliwa kwa nguvu wiki nenda wiki rudi, anachomwa diklofenaki takoni, anaandikiwa dawa za kulegeza misuli. Misuli haina kosa. Kilichosinyaa ni kapsuli, yaani mfuko wa nyuzi unaokifunika kiungo chenyewe, na bila kuijua kapsuli hutajua ni mwendo upi umezuiwa na nini. Naanza na maumbile, wenzangu mtaongezea ya tiba.

Kiungo kikuu cha bega kinakutanisha kichwa cha mfupa wa mkono wa juu na kishimo kilichoko kwenye kombe la bega. Kishimo hicho ni kidogo na hakina kina: kwa wakati wowote ni robo hadi theluthi tu ya kichwa inayogusana nacho. Ukingoni mwake kuna labramu, pete ya gegedu lenye nyuzi, inayokiongezea kina kidogo. Mfupa basi hauzuii karibu chochote. Kazi ya kukishikilia kichwa mahali pake imeachiwa misuli na kapsuli.

Kapsuli inaanzia kwenye ukingo wa kishimo na labramu, inakizunguka kichwa chote, inajishika kwenye shingo ya mfupa wa mkono pale gegedu linapoishia. Upande wa kwapani inashuka zaidi, sentimita moja hivi, hadi kwenye mfupa wenyewe. Ndani imetandikwa utando wa sinovia unaotoa ute. Ni mfuko mpana sana: eneo lake ni kama mara mbili ya eneo la kichwa, na misuli ikilegea kabisa kichwa kinaweza kuvutwa kutoka kishimoni kwa sentimita 2 hadi 3. Mkono ukining'inia, kapsuli ya ziada inajikunja upande wa chini na kufanya mfuko wa kwapa. Ukiinua mkono, mikunjo ile inafunguka. Mnajua nguo iliyoshonwa ikabana kwapani: ukiinua mkono, nguo nzima inapanda. Bega lililoganda ndivyo linavyofanya. Mgonjwa akijaribu kuinua mkono, kombe lote linapanda kuelekea sikioni.

Kwa kipimo cha ujazo, bega lenye afya la mtu mzima linapokea mililita 15 hadi 35 za kimiminika. Lililoganda mara nyingi linagoma kabla ya kufika 10.

Sasa sehemu zake, maana kapsuli haina unene mmoja. Mbele juu kuna pembetatu kati ya kano la suprasipinatasi (msuli wa juu ya kombe) na kano la sabuskapularisi (msuli wa mbele ya kombe). Humo inapita ligamenti (ukanda wa nyuzi unaounganisha mifupa) ya korakohumerali, inayotoka kwenye kinundu cha korakoidi kilichoko mbele ya kombe, pamoja na ligamenti ya juu ya kapsuli na kano refu la baisepsi, msuli wa mbele wa mkono wa juu. Hapa ndipo ugonjwa huu unapoanza kushika. Kiwiko kikiwa kimegusa ubavu, pembetatu hii ndiyo inayoweka mpaka wa mzunguko wa nje (kuuzungusha mkono kwenda nje). Chini yake kuna ligamenti ya kati, inayokaza mkono ukiwa umeinuliwa digrii 45 hivi. Chini kabisa ipo ligamenti ya chini yenye mikanda miwili, wa mbele na wa nyuma, na mfuko wa kwapa katikati yake. Mkono ukifika digrii 90, mkanda wa mbele unazuia mzunguko wa nje na wa nyuma unazuia mzunguko wa ndani. Kapsuli ya nyuma ni nyembamba, lakini ikisinyaa mgonjwa hafikishi mkono mgongoni wala hauvushi kifuani kwenda bega la pili.

Ukiyashika hayo, mikono yako peke yake inaweza kukuambia sehemu ipi imebana.

#2 MifupaKanda

Umeeleza vema mkuu. Niingie ndani ya kapsuli yenyewe.

Simon Duplay wa Ufaransa aliandika juu ya hali hii mwaka 1872, na Ernest Codman wa Boston akaieleza kwa kina mwaka 1934. Lakini aliyeweka kidole mahali penyewe ni Julius Neviaser, mwaka 1945: alipofungua mabega haya alikuta kapsuli imekuwa nene, imesinyaa na imekikaba kichwa. Huko nyuma lawama zilikuwa zinaelekezwa zaidi kwenye vifuko vya ute na makano.

Mtiririko ni huu. Utando wa sinovia unavimba, unaota mishipa mipya ya damu na nyuzi mpya za neva. Ndiyo maana maumivu ya mwanzo ni makali na yanazidi usiku. Kisha seli za fibroblasti, zinazotengeneza nyuzi, zinaongezeka ndani ya kapsuli, baadhi yake zinageuka kuwa na uwezo wa kujikunyata, na zinamwaga kolajeni (nyuzi imara za protini) nyingi, ya aina ya I na ya III. Tishu inayopatikana inafanana mno na ile ya ugonjwa wa Dupuytren unaokunja vidole kiganjani, na watu wenye Dupuytren wanapata bega hili mara nyingi kuliko wengine.

Muda wake kwa kawaida: awamu ya maumivu miezi 2 hadi 9, awamu ya ukakamavu miezi 4 hadi 12, awamu ya kufunguka miezi 5 hadi 24 na zaidi. Awamu hizi zinaingiliana, msitegemee mpaka ulionyooka. Na ile kauli kwamba "litapona lenyewe lote" si kweli kwa kila mtu. Wengi wanapata nafuu kubwa, ila wapo wanaobaki na upungufu wa mwendo au maumivu madogo miaka kadhaa baadaye.

Linawapata asilimia 2 hadi 5 ya watu, zaidi wenye miaka 40 hadi 60, wanawake kuliko wanaume. Wenye kisukari wako hatarini mara kadhaa zaidi. Ongeza ugonjwa wa tezi ya thairoidi, kiharusi, upasuaji wa titi au wa moyo, na mkono wowote uliofungwa kwa muda mrefu baada ya kuvunjika.

#3 TabibuZahanati

Shukrani wakuu. Huku kwetu hakuna MRI (kipimo cha picha kwa sumaku), eksirei ipo hospitali ya wilaya. Naomba hatua za kupima kwa mikono: unalitofautishaje na kano lililochanika, au maumivu yanayotoka shingoni?

#4 FizioPwani

Mkuu, ugonjwa huu unatambulika kwa mikono. Huhitaji MRI kuujua.

Mkalishe mgonjwa, nguo ya juu imevuliwa ili uone makombe yote mawili. Kunja viwiko digrii 90, vigusane na mbavu. Mwambie azungushe viganja nje kadiri awezavyo, pande zote mbili kwa pamoja. Kisha zungusha wewe, taratibu, huku mkono wako mwingine umeshika kiwiko kisitoke ubavuni. Kiwiko kikitoka umepima kitu kingine. Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kwa wanaojifunza. Bega zima linafika digrii 60 au zaidi. Ukipata chini ya 30, au chini ya nusu ya upande wa pili, na wewe mwenyewe huwezi kuusogeza mbele kuliko alivyoweza yeye, hiyo ni kapsuli. Mwisho wa mwendo unausikia: unagonga kitu kinachokataa kama ngozi iliyokazwa, wala si misuli inayojihami.

Pili, simama nyuma yake, bana ncha ya chini ya kombe kwa kidole gumba na cha shahada, kisha inua mkono kwa upande. Kombe likianza kusogea mapema, digrii 40 au 50, kiungo chenyewe kimeishia hapo. Asiyeshika kombe ataandika "ameinua digrii 100" wakati nyingi ya hizo ni za kombe.

Kano lililochanika linakupa picha tofauti: mgonjwa hawezi kuinua mwenyewe, ila wewe ukimwinulia mkono unapanda hadi juu. Kano lililobanwa chini ya kilele cha bega linauma kati ya digrii 60 na 120, likipita hapo linatulia, na mzunguko wa nje upo. Maumivu ya shingo yanashuka chini ya kiwiko, yana ganzi, na yanabadilika mgonjwa akigeuza shingo. Bega lenyewe ukilizungusha halina shida.

Andika namba zote, kulia na kushoto, kwa digrii. Kwa mkono wa mgongoni andika kidole gumba kimefika wapi: paja, tako, kiuno, au katikati ya mgongo. Bila namba za siku ya kwanza hutajua mwezi wa tatu kama unasaidia au unapoteza muda wa mtu.

#5 MifupaKanda

Naongeza jambo ambalo halitakiwi kurukwa: eksirei, na iwe ya pande mbili. Ya mbele peke yake haitoshi.

Mtu aliyepata degedege au kupigwa na umeme anaweza kuteguka bega kwenda nyuma, na likajifunga huko. Mzunguko wa nje unapotea kabisa, sawasawa na bega lililoganda, na kwenye eksirei ya mbele linaweza kuonekana karibu la kawaida. Mgonjwa anapelekwa mazoezini miezi mitatu na kichwa kiko nje ya kishimo. Eksirei ya pili, ya kupitia kwapani, inalionesha mara moja. Hiyo hiyo itakuonesha gegedu lililokwisha na uvimbe wa mfupa, vyote vinavyokakamaza bega.

Na kwetu kuna kifua kikuu cha bega. Kipo cha aina kavu, hakivimbi wala hakitoi usaha. Misuli inakonda upesi, bega linakakamaa, na kichwa cha mfupa kinaonekana kimeliwa. Mgonjwa akiwa amepungua uzito, anatoka jasho usiku, ana homa, au anaishi na VVU, usimchome sindano ya steroidi (dawa kali ya kupunguza uvimbe) kabla hujaondoa shaka hiyo. Bega lililovimba na kuwa la moto pamoja na homa kali ni usaha hadi ithibitike vinginevyo. Huyo anaondoka leo hii kwenda hospitali.

#6 PichaNaMawimbi

Upande wa picha kwa ufupi. Kwenye ultrasaundi tunaangalia ligamenti ya korakohumerali iliyonenepa, mishipa ya damu iliyoongezeka kwenye ile pembetatu, na ute uliokusanyika kwenye ala ya kano refu la baisepsi. Muhimu zaidi ni kumwambia mgonjwa azungushe mkono nje huku tukitazama kano la sabuskapularisi: kwa bega lililoganda halisogei inavyotakiwa. Kwenye MRI, ligamenti hiyo yenye unene wa milimita 4 au zaidi, kapsuli ya mfuko wa kwapa iliyonenepa, na mafuta yaliyotoweka chini ya korakoidi vinaunga mkono. Lakini picha inakuja baada ya mikono. Ukituma ombi lililoandikwa "bega linauma" tu, nitakujibu kwa kuelezea kano lililochakaa kidogo, kitu kilichopo kwa nusu ya watu wa umri huo, na mgonjwa atatibiwa kano.

#7 NesiKisukari

Habari zenu wote. Nichangie upande wa kisukari, maana huku ndiko bega hili linakojaa.

Kati ya wenye kisukari, asilimia 10 hadi 20 wanalipata. Sukari iliyozidi kwenye damu inashikamana na kolajeni na kuziunganisha nyuzi zake, zinakuwa ngumu na hazibadilishwi upesi. Kwa hiyo kwao bega linachelewa kufunguka, linapata pande zote mbili mara nyingi zaidi, na linaitikia tiba kwa unyonge.

Mambo mawili ya kufanya. Mtu yeyote anayekuja na bega lililoganda bila sababu ya wazi apimwe sukari, ya kufunga au HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari wa miezi kama mitatu). Wapo wanaogundulika na kisukari kwa njia hii. Na mwenye kisukari anayechomwa steroidi begani aambiwe mapema kwamba sukari itapanda, kuanzia ndani ya saa chache, na inaweza kubaki juu siku kadhaa hadi wiki. Apime asubuhi kabla ya kula na jioni kwa siku 7, anayetumia insulini apime mara 4 kwa siku na awe na maelekezo ya maandishi ya kuongeza dozi. Kama sukari yake tayari haishikiki, tunairekebisha kwanza, sindano inasubiri.

#8 TabibuZahanati

Hapo kwenye sindano ndipo penye mjadala huku kwetu. Kwa nini ile ya takoni haisaidii? Na ya begani inapigwa wapi hasa?

#9 MifupaKanda

Diklofenaki ya takoni inatuliza maumivu kwa saa kadhaa, sawa na kidonge chake, basi. Haifanyi chochote kwa kapsuli iliyokwisha kujaa kolajeni. Kurudiwa kila siku kuna madhara ya tumbo na figo, na mwenye kisukari au presha figo zake hazihitaji mzigo huo. Deksamethasoni ya msulini kila wiki ndiyo mbaya zaidi, inapandisha sukari ya mwili mzima na kiungoni inafika kidogo.

Inayofaa ni steroidi (kotikosteroidi) ndani ya kiungo, na faida yake ni kubwa katika awamu ya maumivu, kapsuli ikiwa bado imevimba. Kawaida ni triamsinoloni miligramu 40 pamoja na mililita 4 au 5 za dawa ya ganzi, lidokeini ya asilimia 1. Nafuu inaonekana ndani ya wiki chache na hudumu miezi kadhaa. Awamu ya ukakamavu mtupu ikishafika, usiku umetulia na kilichobaki ni ugumu, sindano peke yake haileti cha maana.

Njia ya nyuma ndiyo rahisi. Mgonjwa amekaa, mkono umelala pajani. Papasa kona ya nyuma ya kilele cha bega, shuka sentimita 2, ingia sentimita 1 kuelekea ndani. Kuna sehemu laini. Kidole cha mkono wako mwingine kiwe juu ya korakoidi mbele, sindano ya milimita 40 ielekee kwenye kidole hicho. Kwa mtu mnene haitafika, tumia ndefu. Ukigusa mfupa rudi nyuma kidogo. Dawa inatakiwa iingie kwa urahisi mwanzoni. Ikigoma tangu tone la kwanza uko ndani ya kano, toka, usilazimishe. Ikianza kugoma baada ya mililita kadhaa, kapsuli ndogo imejaa.

Ngozi isafishwe kikamilifu, kichupa kiwe kipya, na usiguse sindano baada ya kusafisha. Usaha ndani ya bega unaharibu gegedu kwa siku chache. Asiyefundishwa kwa kushikwa mkono asijifunze kwenye uzi huu. Ampe mgonjwa rufaa mapema, mwezi wa kwanza au wa pili, dawa ikiwa bado ina kazi ya kufanya.

#10 KochaViungo

Nakubaliana na mengi, ila mnaogopa sana kuvuta. Kolajeni hairefuki bila mzigo. Nimeona programu za penduli (kuning'iniza mkono na kuuyumbisha) miezi sita mfululizo na bega liko pale pale. Tishu iliyosinyaa inahitaji mvuto wa kutosha, wa muda wa kutosha, kila siku.

#11 FizioPwani

Kocha, unasema kweli kwa awamu ya pili na ya tatu. Kwa awamu ya kwanza ni kinyume, na tuna ushahidi: utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2004 uliwafuata wagonjwa 77 kwa miaka miwili. Waliofanya mazoezi mepesi ndani ya mipaka ya maumivu, asilimia 89 walifikia kiwango kizuri cha utendaji. Waliovutwa kwa nguvu kupita maumivu, asilimia 63. Kapsuli iliyovimba ukiichana kidogo kidogo kila siku unaipa sababu ya kuendelea kumwaga kolajeni. Kwa hiyo swali la kwanza si zoezi gani, ni awamu gani.

Njia rahisi ya kuijua awamu: kama maumivu yapo hata mkono ukiwa umetulia, na yanamwamsha usiku, bado ni ya kwanza. Kama maumivu yanakuja mwisho wa mwendo tu, umeingia ya pili.

Awamu ya kwanza. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa taulo, dakika 10 hadi 15 (mwenye kisukari aliyepoteza hisia apimiwe joto na mtu mwingine, wanaungua bila kujua). Kisha penduli: inama, mkono usiouma umeegemea meza, unaouma uning'inie. Mwili ndio uyumbe, mkono ufuate. Dakika 1 mbele na nyuma, 1 pembeni, 1 duara la sentimita 30 hivi. Wengi wanazungusha kwa misuli ya bega na kujitonesha. Halafu akae mbele ya meza, viganja juu ya kitambaa, ateleze mikono mbele kwa kuinamisha kiwiliwili, mara 10. Seti hii mara 3 kwa siku. Kulala: chali, mto chini ya kiwiko ili mkono usidondoke nyuma ya mwili, au ubavu wa upande mzima, mto umekumbatiwa. Parasetamoli gramu 1 kabla ya kulala inasaidia, isizidi gramu 4 kwa siku nzima, na mwenye ini bovu apunguziwe.

Kipimo cha maumivu ni hiki: wakati wa zoezi yasivuke 3 au 4 kati ya 10, na yatulie ndani ya nusu saa. Usiku ukiwa mbaya kuliko jana, punguza nusu.

Awamu ya pili, hapa kocha ndipo mahali pako. Mzunguko wa nje kwanza, kwa sababu pembetatu ya mbele ndiyo kufuli. Mgonjwa alale chali, kanga iliyokunjwa chini ya kiwiko ili mfupa wa mkono ulingane na mwili, kiwiko digrii 90 na karibu na ubavu. Ashike mpini wa ufagio kwa mikono yote miwili. Mkono mzima uusukume unaouma kwenda nje hadi avutike, akae hapo sekunde 20 hadi 30, arudi. Mara 10, mara 3 hadi 5 kwa siku. Akipata digrii 40, ahamie mlangoni: kiganja kwenye fremu, kiwiko ubavuni, miguu igeuke upande wa pili.

Kisha kapsuli ya chini: akiwa chali, mkono mzima uinue unaouma kupita kichwa, sekunde 20. Kupanda ukuta kwa vidole kunafaa pia, achore alama ya chaki kila wiki, lakini akisimama mbele ya kioo aone bega halipandi sikioni. Likipanda, anafundisha kombe tu.

Mwisho kapsuli ya nyuma: kuvusha mkono kifuani, mwingine ukivuta kiwiko. Zoezi la kuvuta mkono mgongoni kwa kanga naliweka mwisho kabisa. Watu wanakimbilia huko kwa kuwa wanataka kufunga sidiria au kujisafisha, na ndiko wanakojiumiza, kwa sababu mvuto unakuja bega likiwa limerudi nyuma na kapsuli ya mbele haijafunguka.

Kwa wenzangu wa fizio: ukitaka mzunguko wa nje, telezesha kichwa kwenda nyuma. Kanuni ya vitabuni ya mbonyeo na mbinuko ingekutuma mbele. Utafiti mdogo wa wagonjwa 20, mwaka 2007, ulipata ongezeko la wastani wa digrii 31 kwa kuteleza nyuma na digrii 3 tu kwa kuteleza mbele, baada ya vikao 6. Ni wachache, ila tofauti ni kubwa mno kuipuuza.

#12 KochaViungo

Nimekuelewa, na hapo kwenye kipimo cha nusu saa naafiki kabisa. Niongeze tu: awamu ya tatu isiishie kwenye kuvuta. Misuli imekonda kwa mwaka mzima. Mpira wa mazoezi kwa mzunguko wa nje na wa ndani, kusukuma ukuta, kuvuta makombe nyuma, seti 3 za 10 hadi 12, siku 3 kwa wiki. Mwendo uliopatikana bila nguvu ya kuushika unapotea.

#13 WanjaNBO

Hamjambo wadau. Mimi nauliza kuhusu yule ambaye miezi sita imeisha, amechomwa sindano, amefanya mazoezi sawasawa, na mzunguko wa nje bado ni digrii 10. Hapa Nairobi anaambiwa achague kati ya kujazwa maji kwenye kiungo, kunyooshwa akiwa amelazwa usingizi, au upasuaji wa kamera. Anachagua vipi?

#14 MifupaKanda

Dada Wanja, swali zuri na lina majibu ya kueleweka.

Kujaza maji: chini ya ultrasaundi au eksirei, mililita 20 hadi 40 za maji ya chumvi pamoja na dawa ya ganzi na steroidi zinasukumwa ndani hadi kapsuli itanuke. Mara nyingi inapasukia mbele, kwenye kifuko kilicho chini ya sabuskapularisi, mahali dhaifu, na si lazima pawe ndipo palipobana. Haihitaji kulazwa wala usingizi. Mazoezi yaanze siku hiyo hiyo ganzi ikiwa bado inafanya kazi.

Kunyoosha chini ya usingizi kunachana kapsuli kwa mkono. Daktari anashika karibu na kwapa, hashiki kiwiko wala kifundo, kwa sababu mkono mrefu unazidisha nguvu na mfupa unavunjika. Kombe linabanwa, mkono unainuliwa kwanza, mizunguko inafuata mwishoni na kwa upole. Mwenye mifupa myepesi au aliyevunjika hapo karibuni asifanyiwe.

Kamera inakata kwa kuona. Pembetatu ya mbele inafunguliwa kwanza, kisha kapsuli ya mbele na ligamenti ya kati, halafu chini. Huko chini ndiko kwenye hatari: neva ya kwapa inapita chini kabisa ya kapsuli ikielekea kwenye deltoidi, msuli mkubwa unaoinua mkono. Mkasi unakaa karibu na ukingo wa kishimo, na mkono unawekwa ukiwa umetanuliwa. Neva hiyo ikikatwa, deltoidi inakufa na mgonjwa anakuwa na hali mbaya kuliko aliyoingia nayo. Nyuma inakatwa tu ikiwa mzunguko wa ndani bado umegoma.

Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotoka 2020, wagonjwa 503, ulilinganisha fiziotherapia pamoja na steroidi, kunyoosha, na kamera. Baada ya mwaka mmoja hakuna iliyoizidi nyingine kwa kiwango chenye maana kwa mgonjwa. Kamera ilikuwa na madhara makubwa zaidi, ingawa machache. Waliopewa fiziotherapia walihitaji tiba ya ziada mara nyingi zaidi.

Kwa hiyo ningeanza na kujaza maji ikiwa yupo anayeijua kazi hiyo. Mwenye kisukari cha miaka mingi na bega gumu sana ningempeleka kamera mapema zaidi, kunyoosha peke yake kwao kunarudi. Na yeyote asiyekuwa tayari kufanya mazoezi kila siku wiki sita za mwanzo asikatwe, maana kapsuli itajiziba upya na fupi vile vile.

#15 WanjaNBO

Asante sana daktari. Na bega la pili?

#16 MifupaKanda

Takriban mtu 1 kati ya 6 hadi 10 analipata la pili ndani ya miaka mitano, wenye kisukari zaidi. Bega lile lile kurudi ni nadra. Hakuna zoezi lililothibitika kulizuia, ila likianza kuuma usiku asisubiri miezi sita tena. Aje wiki hizo hizo apimwe mzunguko wa nje.

#17 NesiKisukari

Kabla uzi haujaenda mbali, wodini tuna wagonjwa wa kiharusi, na mabega yao yanaganda mikononi mwa ndugu wanaowapenda. Mkono uliopooza usishikwe kiganjani au kwapani kumwinua mtu kitandani. Misuli haishikilii kichwa, kapsuli inavutika na kuchanika, kisha inasinyaa. Mnyanyue kwa kumshika kiunoni na kwenye kombe. Akikaa, mkono uwe juu ya mto pajani. Akilala, mto chini ya mkono wote, kiganja kikiwa wazi. Mara 2 kwa siku mtu amzungushe mkono nje taratibu, kiwiko ubavuni, mara 10, aishie pale mgonjwa anapokunja uso. Kapi za kamba za kuvuta mkono juu ya kichwa zisitumike kwake, kwa sababu mkono unapanda bila kuzunguka nje na makano yanabanwa chini ya kilele cha bega.

#18 FizioPwani

Ni kweli kabisa dada. Na mkono uliofungwa kwa kuvunjika vivyo hivyo: vidole na kiwiko vianze siku ya kwanza, penduli pale daktari aliyeufunga atakaporuhusu, mara nyingi wiki ya pili au ya tatu. Mwulizeni tarehe hiyo kabla ya kutoka hospitali, na iandikwe kwenye karatasi.